Bi. Nyanchoka na Mbwa wa Lambwe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Bathsheba Nyanchoka anastaafu baada ya kuhudumia mifugo kwa miaka thelathini na mitatu: tisa ya kwanza Oyugis, iliyobaki hapa Homa Bay. Amechanja ng'ombe, amezalisha ndama waliokwama, na ameumwa na mbwa mara saba. Sita kati ya hizo, husema, alijitakia kwa haraka zake.

Wenzake tunamkumbuka kwa paka wa ofisi, aliyeruka mezani kila saa ya chakula. Tulimfukuza, tukamrushia kandambili; wapi. Bi. Nyanchoka alimtazama siku mbili, kisha akatueleza: paka huruka akisikia kifuniko cha bakuli, na kila akiruka kuna mtu humpa kichwa cha samaki ili ashuke. Mtu huyo nilikuwa mimi. Tangu hapo paka akawekewa chakula chake mlangoni kabla bakuli halijafunuliwa. Wiki ya kwanza alilia kuliko zamani. Ya tatu akatulia.

Lakini kazi nisiyoweza kuisahau ni ya Lambwe, miaka minne iliyopita. Mbwa aitwaye Bosko alikuwa amemuuma jirani, Mzee Javan, mguuni. Mzee alikwisha kupata sindano zake hospitalini, na Bosko alikuwa na chanjo, lakini majirani walikata shauri kwamba auawe. Tulitumwa tukamalize kazi hiyo.

Mwenye mbwa, Mama Zilpah, alikuwa mjane wa miezi mitano. Tulimkuta amemfunga Bosko kwa kamba na kumwekea ugali na maziwa, kama anayemuaga msafiri.

"Tangu tumzike mume wangu," alisema, "boma hili lina sisi wawili tu."

Bi. Nyanchoka hakufungua mkoba wake wa sindano. Aliketi, akauliza nini hutokea kabla Bosko hajawa mkali, na nini hufuata baadaye. Pole pole mambo yakajitokeza. Siku za matanga, wageni walisukuma lango la mabati kwa kishindo, wakamrushia Bosko mawe ili wapite. Sasa kila lango likilia anashambulia, na akishambulia, watu hukimbia. Siku aliyoumwa, Mzee Javan aliingia akiwa na jembe begani.

"Mbwa huyu anaogopa," Bi. Nyanchoka alimwambia Mzee tulipokwenda kwake. "Na ameona meno yanamsaidia. Nipe mwezi mmoja."

Mzee alikubali, mradi Bosko asifunguliwe.

Kila Jumanne na Ijumaa tulipanda pikipiki kwenda Lambwe. Mama Zilpah alikaa na Bosko mbali na lango. Mimi nililitikisa kidogo tu, naye akamtupia dagaa wa omena kabla hajanguruma. Siku nyingine kwa nguvu kidogo zaidi. Siku moja nililisukuma kwa pupa, Bosko akaruka hadi kamba ikamrudisha, tukaanza upya. Bi. Nyanchoka hakumkemea mbwa wala mimi. Alisema tu kwamba tumemwomba zaidi ya anachoweza.

Mwezi ulipoisha, Mzee Javan mwenyewe aliongeza wiki mbili. Siku ya mwisho alifungua lango yeye, jembe begani. Bosko alisimama, akamtazama Mama Zilpah, akaketi. Mzee akainama, akaweka omena chini mbele yake. Mama Zilpah alijifunika uso kwa leso. Bi. Nyanchoka akageuka, akawa anatafuta kitu mkobani ambacho sidhani kilikuwepo.

Hakuweza kuwaokoa wote. Wapo aliolazimika kuwadunga sindano ya mwisho, na siku hizo hakunywa chai nasi.

Sasa anarudi Oyugis kwenye shamba lake la mboga na wajukuu wanne. Asante, dada yetu, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kupiga. Pengo lako tutaliona kila asubuhi. Mungu akujalie afya, siku ndefu na mapumziko matamu, umeyafanyia kazi.