Mwalimu Aliyekataza Tafsida

Mama yetu, ambaye nusu yenu hapa mlimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ni kitinda mimba wake. Kazi hii ya kusoma wasifu wake aliniachia mwenyewe. Tangu Jumanne sijalia, kwa hiyo sauti ipo.

Alianza shule mwaka 1959. Ushairi aliusomea kando ya cherehani ya babu. Yeye alikariri, babu akakanyaga pedali kwa kufuata mizani: silabi nane, pumzi, silabi nane. Siku moja babu alisimamisha mashine. "Binti yangu, hapo umepunja. Mguu umekwama." Akahesabu kwa vidole, na kweli, zilikuwa saba. Suruali iliyokuwa kwenye mashine ilitoka na mshono uliopinda, na mteja hakuambiwa kitu.

Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1973, akafundisha Kiswahili katika shule moja tu hadi alipostaafu mwaka 2012. Madirisha ya darasa lake yalitazama jiko la shule, na bado wanafunzi walimsikiliza yeye. Madawati aliyapanga safu nne, njia ikipita katikati. "Ninyi wote ni ubeti mmoja," aliwaambia. Kila safu ilikuwa mshororo. Waliokaa kushoto kwa njia walikuwa ukwapi, wa kulia utao, na aliyekaa mwisho wa kila kipande ndiye aliyeshika kina. Safu ya nyuma, ya watundu, aliipa kibwagizo: ubeti ukiisha, wao ndio wa kurudia, watake wasitake. Naona hata leo mmekaa nyuma.

Nyumbani nako hatukupona. Aliyetumia tashbihi iliyochakaa aliosha vyombo. Kaka yangu aliwahi kusema shati lake ni jeupe kama theluji.

"Theluji umeiona wapi?" Mama akamuuliza.

"Sijaiona."

"Basi nenda kaoshe masufuria. Hayo umeyaona."

Mwaka 1976 aliolewa na baba yetu, fundi umeme. Posa ya Baba, kwa masimulizi ya Mama, haikuwa na tamathali hata moja: "Nakupenda. Nina kazi, nina ngazi, nina baiskeli. Unaonaje?" Mama alisema hayo ndiyo maneno pekee ya Baba ambayo hakuyasahihisha. Walijaliwa watoto watatu.

Juni 1989 Baba alianguka kutoka kwenye ngazi hiyo hiyo, akafa. Nilikuwa na miaka mitano. Shangazi yetu, dada yake Baba, yupo hapa wala simsemi vibaya, aliniambia Baba amesafiri. Nikaamini, kwa sababu aliyesafiri hurudi. Kila jioni niliweka kandambili zake mlangoni. Mama naye alikuwa hajijui hajitambui kwa msiba, hakuona kitu, mpaka siku aliponikuta nazisugua kwa sabuni.

"Za nini hizo?"

"Za Baba. Akirudi azikute safi."

Mama akakaa chini, palepale kwenye maji. "Baba hakusafiri, mwanangu. Baba amekufa. Hatarudi."

Shangazi akaruka. "Wifi! Mtoto huyo!"

"Tafsida mpe mgeni, wifi. Huyu wa nyumbani, na anasubiri mlangoni."

Tafsida, kwa mliokuwa mkitoroka vipindi vyake, ni neno laini la kufunikia lililo gumu. Darasani aliendelea kuifundisha kama kawaida, na mitihani yake mliifanya. Ila nyumbani kwetu, tangu siku ile, kifo hakikufunikwa tena.

Mwaka jana alianza kuumwa tumbo. Daktari akamwambia hali si nzuri sana.

"Hiyo ni tafsida, daktari. Jina lake nani?"

"Saratani ya ini, Mwalimu. Imeshasambaa."

"Ahsante. Sasa tunaelewana."

Tulimuuguza chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ili asikie watoto wa shule wakipita. Siku za mwisho alinishika mkono akasema, "Wasifu wangu usome wewe. Useme nimekufa. Usije ukanisafirisha." Nikamwambia sawa. Alikufa Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, asubuhi, watoto wakiwa wanapita.

Wenye ratiba mkononi mnaona imeandikwa "ametangulia." Hiyo ni kazi ya mjomba, mdogo wake Mama na mwenyekiti wa kamati. Aliniambia jana, "Mwanangu, watu watashtuka. Msiba una lugha yake." Sikubishana naye. Nimekufa ganzi mwili mzima. Hata haya ninayosoma nayasikia kama yanasomwa na mtu mwingine. Labda kesho nitalia. Sijui.

Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, mdogo wake, wifi yake, na ninyi wa safu ya nyuma. Mjukuu wa mwisho ni mwanangu, ana miaka mitano. Bibi yake alimwita Kibwagizo kwa sababu hurudia neno la mwisho la kila anayesema. Leo asubuhi nimemkuta anafuta miwani ya Bibi kwa shati lake. Kuna mtu amemwambia Bibi amelala. Miwani amekuja nayo, ipo mfukoni mwake, ili Bibi akiamka aone.

Kibwagizo, njoo kwa mama. Simama hapa. Bibi hajalala. Bibi amekufa. Hataamka, na miwani hataihitaji tena. Rudia ukitaka. Usipotaka, nyamaza tu, nimekushika mkono.

Nimesema, Mama. Amani iwe nawe.