Mageti Yaliyofungwa ya Hay Malha

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, karibu Hay Malha, na utuwie radhi kwa mapokezi. Msafara wako umeingia mtaani ukipiga honi kwa shangwe, na hukuona hata geti moja likifunguliwa. Si dharau. Akina mama walikuwa nyuma ya mageti hayo, wengine wameyashikilia kwa mikono miwili. Risala hii itakueleza sababu, kisha tutakuomba jambo moja kwa niaba ya Bi Mabruka, mpishi wetu, ambaye leo amekataa kutoka nyumbani kwake.

TULIKOTOKA

Nyumba hii ya Vijana na Familia tuliianzisha wenyewe katika ghala la zamani la chumvi, baada ya vijana wetu kuanza kuzama. Hatutajifanya kwamba hujui: kazi iliyopo hapa ni petroli ya ng'ambo ya mpaka. Kijana anakata njia katikati ya uwanda wa chumvi, gari limejaa madumu, na chumvi yenyewe haina uaminifu, leo ngumu, kesho uji. Akirudi hathubutu kusimama barabarani na mzigo. Hupiga honi akiwa bado mbali, kila mmoja kwa mlio wake, na mama yake hukimbia kufungua geti ili gari liingie moja kwa moja. Mama wa hapa anaijua honi ya mwanawe kama anavyojua kikohozi chake.

MAFANIKIO

Tuna darasa la ufundi wa pikipiki, tuna vyerehani, na kila mchana tunawapikia kuskusi watoto waliofiwa na baba zao. Wapo pia wazazi wanaokuja kukaa tu. Hatuwaulizi kitu, maana kukaa na watu nako ni huduma.

Fahari yetu ni Wajdi, kitinda mimba wa Bi Mabruka. Kaka yake Lazhar alizama chumvini na gari lake, hakupatikana, na sisi tulidhani na huyu tumeshampoteza, alivyokuwa mkaidi wa kutupwa. Sasa ndiye fundi wetu wa kuchomelea. Mageti mengi uliyoyakuta yamefungwa ameyatengeneza yeye.

CHANGAMOTO

Paa linavuja. Changamoto nyingine tutaisema kama ilivyo: waliozama wanarudi mchana, na wanapiga honi.

Wa kwanza kuisikia alikuwa Bi Zohra, ambaye mwanawe mkubwa alizama. Alikuwa anakanda unga, akaacha kila kitu akakimbilia geti. Jirani akamfokea juu ya ukuta, "We Zohra, una wazimu? Nje hakuna gari!"

"Honi ya mwanangu niisahau mimi? Hebu nyamaza huko!"

Akafungua. Barabara ilikuwa tupu. Lakini palikuwa na alama za matairi, mbichi, za matope ya chumvi, zimefika kizingitini na kuingia uani, na hazikutoka. Wiki ile ile mwanawe wa pili, ambaye tangu msiba alikuwa hataki hata kupanda gari, aliamka, akanywa chai, akachukua funguo.

"Unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Si kaka amekuja kunichukua? Kwani aliyefungua geti nani?"

Hakurudi. Basi kosa likawa letu sote, kwani nani atamsikia mwanawe nje juani amwache? Kila aliyefungua aliondokewa na mtoto mwingine. Ndipo tukaanza kufunga.

Ofisi yako ilituletea mshauri, kijana mpole wa mji mkuu. Alituambia ni majonzi, kwamba sikio la mfiwa husikia linachokitamani. Tukamkubalia, maana tulitamani iwe hivyo. Siku moja tukiwa tunakula naye, honi ikalia. Kijiko chake kikabaki hewani.

"Mbona hamumfungulii?" akasema. "Anasubiri."

Bi Mabruka aliitambua. Ilikuwa honi ya Lazhar.

Tangu hapo Lazhar anakuja kila mchana, na kila akija anasogea. Sasa honi inalia pale pale nje ya geti la mama yake. Bi Mabruka hukaa chini, ameliegemea kwa mgongo, anambembeleza, "Nenda mwanangu. Nakuomba, nenda. Usinifanyie hivi." Mheshimiwa, tunaogopa. Juzi Wajdi alikuwa anachomelea, akazima mashine, akainua kichwa. "Kaka amechoka kusubiri," akasema, akaulizia funguo za gari. Ilibidi wanaume wamkalie.

MAOMBI

Paa litasubiri. Tunaomba umchukue Wajdi leo hii, katika gari lako, umpeleke chuo cha ufundi huko kaskazini, milimani. Hayupo hapa kuisikia risala hii; tumemwambia anakwenda kukusindikiza tu. Begi lake tumeshaliweka nyuma ya gari, na dereva wako usimkaripie, ni sisi tuliomsumbua. Mkalishe katikati. Vioo vipandishwe, redio ifunguliwe kwa sauti, na akitaka kugeuka nyuma mzungumzishe, muulize lolote, hata mpira.

Mama yake hatakuja kumuaga. Ametutuma hivi: "Mwambieni avae sweta, huko kuna baridi. Na mwambieni Mkuu wa Mkoa, wakishavuka daraja, chumvi ikiisha, anipigie simu."

Tukamuuliza simu ya nini. Akatutazama kama watu ambao hawajawahi kuzaa.

"Nimemfungia mwanangu nje kwa ajili ya mdogo wake," akasema. "Mdogo akishavuka, nitakwenda kumfungulia."

Tulimsihi, tukalia naye, tukashindwa. Tulichoweza ni kumwahidi kwamba hatakuwa peke yake, kwa hiyo ukiondoka hapa sote tunakwenda uani kwake, kukaa naye.

Mwenyezi Mungu akufunike wewe na huyo kijana wetu, aliepushe gari lenu na kila shari ya njiani, na awafikishe mahali pa amani. Mkishavuka daraja, tafadhali piga simu kama alivyoomba.

Ukichelewa kuipiga, Mheshimiwa, hatutakulaumu.

Ni sisi,
Familia za Hay Malha