Kile Kipande cha Katikati

Mwinyihaji: Haloo? Nani mwenzangu? Nimeitwa mbio hapa dukani, naambiwa kuna mtu wa Changamwe anitaka kwa simu.

Kenga: Shikamoo, Fundi. Ni mimi.

Mwinyihaji: Mimi ni wengi. Mimi nani?

Kenga: Kenga. Mwanafunzi wako wa fidla.

Mwinyihaji: Marahaba. Nilikuwa na mwanafunzi wa jina hilo. Akaenda chuo kikubwa huko Kampala. Sijui kama alirudi.

Kenga: Nimerudi, Fundi. Tuko likizo. Niko kwa shangazi yangu Kafedha, hapa—

Mwinyihaji: Najua uko kwa nani, Likoni nzima yajua. Mtu arudi, na kivuko kipo, chavusha watu na mbuzi kutwa, yeye asivuke kuja kumjulia hali mwalimu wake. Haya. Wataka nini?

Kenga: Nasikia umemtuma kijana wako Mwarandu aje achukue fidla.

Mwinyihaji: Umesikia vyema. Ameshavuka. Umkabidhi, na upinde wake.

Kenga: Sitampa.

Mwinyihaji: Wasemaje? Laini hii yakwaruza.

Kenga: Nimesema sitampa, Fundi. Na heshima zako zote ziko palepale. Lakini simpi.

Mwinyihaji: Fidla ile ni yangu. Nilikuazima uende nayo chuo, usije ukaaibika mbele za watu. Kumbe aibu waniletea mimi.

Kenga: Nimekuaibisha wapi?

Mwinyihaji: Shangazi yako alikuja kwa mkwewe hapa juzi. Akakaa barazani na wake za watu, akawaambia. Ati tangu urudi hujamaliza wimbo hata mmoja. Waanza, wasimama. Warudi palepale. Kipande kimoja asubuhi mpaka adhuhuri, kama mlango wenye bawaba mbovu. Wakacheka, Kenga. Mpaka bwana arusi amesikia.

Kenga: Shangazi hajui ninachofanya.

Mwinyihaji: Na Ijumaa ni arusi ya Mwanamkasi. Binti yangu, wa tumbo la mke wangu. Watu wanisimamisha njiani, waniuliza, yule kijana wako wa chuo ndiye amesahau kupiga?

Kenga: Sikusahau. Hayo ndiyo mazoezi yangu.

Mwinyihaji: Mazoezi gani hayo? Ndiyo Wazungu waliyokufunza?

Kenga: Hakuna aliyenifunza. Bibi anayetufundisha twamwona mara moja kwa juma, basi. Siku zilizobaki uko na fidla yako chumbani, na hakuna wa kukwambia umekosea. Wenzangu kila mtu ana lake. Yuko Nafula, yeye huanza mwanzo akaenda mpaka mwisho, akaanza tena. Pale anapokosea hukosea palepale, mpaka kosa limekuwa sehemu ya wimbo. Nami nilikuwa kama yeye. Maana ndivyo ulivyo—

Mwinyihaji: Malizia. Ndivyo nilivyokufunza.

Kenga: Ndiyo, Fundi. Ndivyo ulivyonifunza.

Mwinyihaji: Endelea basi. Leo umeamua kunivua nguo.

Kenga: Nikabadilisha. Sasa kabla sijaigusa, naamua leo natengeneza nini. Naimba kwanza kwa mdomo. Nikishaweza kuimba ndipo naishika. Vidole vikiteleza naiweka chini, nazunguka nyumba, najiuliza vimeteleza kwa nini. Nikipata jibu narudi.

Mwinyihaji: Ndiyo maana Kafedha asema wazunguka nyumba ukisema peke yako. Alikuwa ashaanza kukutafutia mganga.

Kenga: Amwache mganga apumzike.

Mwinyihaji: Usinichekeshe, nimekasirika. Nisikilize. Arusini hakuna kuzunguka nyumba. Ukikosea wenda mbele, mwimbaji yuko mbele yako, hakungoji.

Kenga: Arusini sitasimama. Nasimama huku kwa shangazi ili nisisimame huko kwako.

Mwinyihaji: Chuo kimekupa maneno. Fidla haipigwi kwa maneno. Umpe Mwarandu, nitampa mwengine apige.

Kenga: Mwarandu mwenyewe huyo, namwona hapa dirishani. Ashuka kwenye baiskeli. Shangazi amemwelekeza huku.

Mwinyihaji: Huku wapi?

Kenga: Afisi ya ghala la mafuta. Phineas karani amenifungulia, mkubwa wake ameenda kula. Fidla ninayo hapa.

Mwinyihaji: Basi kazi imekuwa rahisi. Mpe.

Kenga: Simpi. Hujaniuliza bado hicho kipande ni kipi.

Mwinyihaji: Kitanifaa nini?

Kenga: Ni cha wimbo wako. Ule uliotunga wa kumtoa bibi arusi. Pale katikati, mwimbaji anapopanda juu, na fidla yatakiwa ishuke yote kwa mvuto mmoja wa upinde.

(Laini inakwaruza.)

Kenga: Fundi?

Mwinyihaji: Nipo.

Kenga: Kila tukifika pale wamkonyeza Baya mpiga ngoma, naye aitandika kwa nguvu. Nimeliona hilo tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo. Nilipofika Kampala, niko peke yangu, hakuna Baya, hakuna ngoma, ndipo nikasikia kuwa pale hapana kitu. Patupu.

Mwinyihaji: Chunga mdomo wako, Kenga.

Kenga: Nimeuchunga miaka yote. Wimbo ni wako, umetoka kichwani mwako, na kile kipande hajakisikia mtu. Hata mkeo. Mimi nataka kisikike Ijumaa, Mwanamkasi akitoka. Ndiyo maana sikuvuka, wallahi. Ningekuja kwako mikono mitupu. Sasa hao wa barazani na wacheke mpaka wachoke. Baada ya arusi ukiitaka fidla, nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Leo siitoi.

Mwinyihaji: Nyuzi umezifunga vipi? Kizungu?

Kenga: Kama ulivyonifunza. Kule nazifunga kikwao, huku nazifunga kikwetu.

Mwinyihaji: Pale mahali… Nilijaribu, unajua. Mama Mwanamkasi alikuwa bado mwari. Kidole hiki cha mwisho kilikuwa hakifiki— Ah. Laini hii yakwaruza sana.

Kenga: Naweka simu mezani. Nisikilize.

Mwinyihaji: Mimi sikusema upige—

(Fidla inalia. Inapanda, inashuka yote bila kukatika, inanyamaza.)

Kenga: Haloo? Fundi? Bado uko?

(Laini inakwaruza.)

Kenga: Fundi, simu imekatika?

Mwinyihaji: Haikukatika. Mwenye duka huyu amenisimamia kichwani, ataka simu yake. Subiri bwana, subiri kidogo. Kenga.

Kenga: Naam.

Mwinyihaji: Mwarandu ameingia?

Kenga: Yuko mlangoni. Amenyoosha mkono.

Mwinyihaji: Mwambie akae kitako.

Kenga: Simpi fidla?

Mwinyihaji: Nimesema akae kitako. Na Baya nitamwambia mwenyewe, Ijumaa pale aiache ngoma. Sasa rudia.

Kenga: Wimbo wote?

Mwinyihaji: Wimbo wote naujua, nimeutunga mimi. Palepale. Polepole, nisikie kidole kinaanzia wapi. Wewe bwana, simu yako siili, nimekwambia subiri. Rudia, mwanangu, kabla hajaninyang'anya. Rudia.