Ndizi za Kuzibia Tarumbeta

Basi la Nairobi lilipotoka Kisii asubuhi ile ya mwaka 1974, Nyasani alikuwa amekumbatia tarumbeta kubwa la bendi ya kanisa, limeviringishwa majani makavu ya mgomba kama mgonjwa wa homa. Kesho yake angepanda nalo ndege kwenda Uingereza, na wazee wa kanisa walikuwa wamemwonya kwamba likibonyea asirudi nyumbani.

"Na ndani umejaza nini?" akauliza mama aliyeketi naye, mtu asiyemjua.

"Ndizi mbichi, mama. Ni ngumu, zinazuia mdomo usibonyee. Nimelifunga tangu wiki jana, nisije nikaharakishwa."

Mama akalitazama furushi kwa huruma. "Ndizi mbichi, majani makavu, wiki nzima. Baba, hapo hujalinda kitu. Umevundika."

Kwao Nyasani ndizi huvundikwa vivyo hivyo ili ziive upesi, tangu enzi za babu, lakini hilo hakulisema. "Kesho napanda nalo ndege kwenda Uingereza, na angani kuna baridi," akasema. "Haziwezi kuiva."

"Na hapa kwenye basi?"

"Hapa nitafungua dirisha."

"Utawapulizia Wazungu uji."

Basi likasimama Keroka, mama akashuka. Nyasani akangoja apotelee sokoni, akapenyeza pua kwenye majani, akanusa. Harufu tamu ya ndizi mbivu ikamjaa puani, akafungua dirisha.