Simu Tulizozima Chini ya Droni

Tulikuwa watano kijiweni: muuza kahawa mwenye benchi, fundi baiskeli tumwitaye Breki, Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote, Kinyozi, na mimi. Mafuriko yalikuwa yameangusha mnara wa simu na kukata daraja. Waokoaji wakarusha droni ya kurudisha mtandao, ikawa inaning'inia juu ya posta ikivuma kama cherehani. Mke wa Kinyozi alikuwa ng'ambo ya mto, alikokwenda kumuuguza mama yake.

Profesa alitueleza kwamba droni ina pumzi ndogo. Tukiitumia sote, itachoka. Kwa hiyo tangu ifike tulizima simu zetu, ikabaki ya Kinyozi tu, katikati ya benchi. Breki akaongeza kuwa kelele huilemea, tukanong'ona. Muuza kahawa akadai hata mvuke unaizuia, akaliondoa birika lake motoni, tukanywa kahawa ya baridi.

– Akipiga utamwambia nini, kaka? Breki aliuliza.

– Nitanyamaza. Nataka aongee yeye, hata kama ni kunigombeza.

– Hapo hutangoja sana, alisema Profesa.

Kinyozi alicheka kidogo, akaifuta simu kwa taulo lake la kazini.

Ndipo akaja dada mmoja wa uokoaji kununua kahawa. Akatutazama.

– Shikamooni, wazee. Mbona simu zenu zimezimwa? Droni ile inabeba mamia ya watu.

Profesa alitazama viatu vyake.

Muuza kahawa aliwasha simu yake. Kinyozi hubadilisha laini kila mara, lakini namba ya muuza kahawa ni ileile miaka yote, na mke wa Kinyozi aliijua kwa kichwa, kwa kuwa ndiyo aliyopiga kila jioni kumtafuta mumewe. Jumbe zikaanza kuingia, zote kutoka namba moja ngeni. Muuza kahawa alisoma wa kwanza, kisha akampa Kinyozi simu.

Kinyozi alitusomea kwa sauti ndogo:

– “Ni mimi, simu yangu imesombwa na maji, nimeazima hii. Mwambie mume wangu asiondoke hapo. Nataka nisikie sauti yake.”

Wa pili uliuliza mbona simu haipatikani. Wa tatu vilevile.

Wa mwisho aliuandika shemeji yake Kinyozi. Mke wa Kinyozi alifariki jana asubuhi, kwa homa.