Sinia Moja, Kadi Tatu: Kumuaga Fundi Wenceslaus

Miaka thelathini na mmoja ya utumishi wa Fundi Wenceslaus Kornelio katika kituo chetu cha picha za wanyamapori, Mikumi, inatimia tarehe 30 Juni 2025, siku anayostaafu. Kwao ni Kidete. Umeme alijifunza kwenye karakana ya shamba la mkonge Kilosa, na alipoajiriwa hapa hapakuwa na kompyuta hata moja, ila jenereta na taa sita. Mimi Shamimu, mpishi wa chai na mpokea wageni, nilimkuta, na kwa miaka kumi na tisa shikamoo yangu ya kwanza ya asubuhi imekuwa yake.

Wengi mnamjua kwa kizingiti. Chumba cha mashine hakiingizwi chai, amri yake mwenyewe, basi akawa anainywa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, sikio kwenye feni za mashine. Jastin, fundi mwenzake, alimtania kuwa anasimama kama mkwe aliyefika ukweni mikono mitupu. Akajibiwa kuwa mkwe wa hivyo ndiye anayesikia yote ya ndani.

Mwaka juzi tulipewa siku tisa. Kikao cha wilaya, Kilosa, kilitaka kujua wanyama wanavukia wapi barabara kuu, ili matuta yawekwe hapohapo, maana walikuwa wanagongwa. Picha zilikuwa laki nane. Za kutazamwa na kompyuta yetu yenye kadi tatu za picha, vile vibao vya ndani vinavyochambua picha kwa kasi, zote zikilishwa na pawasaplai moja, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine. Kila mara kadi zikianza kazi kwa pamoja, mashine inazima pu! Jastin, kwa haraka, akalisha kadi mbili kwa waya mmoja wenye ncha mbili. Plagi ikayeyuka. Harufu kama ya kandambili motoni ikanifikia jikoni.

Fundi hakumfokea. Aliketi sakafuni akajumlisha. Boksi lina wati elfu moja. Kadi zikishiba, kila moja inataka mia tatu, na mashine yenyewe mia mbili na hamsini. Boksi kubwa zaidi lingefika baada ya wiki tatu. Ndipo akaja jikoni kuniuliza, wageni wakizidi na sinia ni moja, mimi hufanyaje? Nikamwambia kila mtu anakula kwa adabu. Hakuna wa kuvimbiwa, hakuna wa kulala njaa.

Akacheka, akarudi. Kwa kutumia programu akaziwekea kadi mpaka, wati mia mbili kila moja, na kila kadi akaipa waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, akazifunga nyaya vizuri kwa kamba za katani. Kazi ilikwenda polepole kidogo, lakini mashine haikuzima tena. Siku ya nane orodha ya mahali wanyama wanapovukia ikawa tayari, alhamdulillahi, na matuta yapo pale twiga wanapovuka. Ile plagi iliyoyeyuka Jastin mwenyewe aliitundika kwenye msumari wa mlango.

Niseme kweli, tulivyosikia anaondoka tuliogopa. Nani atasikiliza feni? Wiki iliyopita akamwacha Jastin afungue mashine, aisafishe, arudishe nyaya zote na kuiwasha bila yeye. Akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai ameketi. Sijawahi kumwona hivyo. Feni ya kwanza ikavuma, ya pili, ya tatu. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Akaweka kikombe chini, na hakwenda kuangalia. Yeye alitabasamu; mimi nikageukia sufuria ili asinione.

Asante, Fundi. Mungu akujalie afya, mto Mkondoa ukifurika usilifikie shamba lako, na Kidete wakupokee ukae kitini kama watu wengine. Kikombe chako nimekitundika msumarini, karibu na ile plagi. Amri ya chai bado tunaishika. Ukitukumbuka, utatukuta pale pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje.