Chuo Kilinikataza Kula

Bwana asifiwe, watu wa Bwera! Asifiwe na huko benchi la nyuma, walikokaa wageni wetu watatu kutoka chuoni, waliofika juzi na viatu vinavyong'aa. Nimesimama kwa ajili yenu nyote, lakini wao wasikilize kwa masikio mawili.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni binti wa konstebo. Nimezaliwa kwenye laini za polisi, Wateso, Waacholi, Walugbara na Wanyoro tukichota maji kwenye bomba moja, na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha. Katika laini ile mimi ndiye msichana wa kwanza kupata digrii, na baba aliizungumzia mpaka majirani wakachoka. Nilipochaguliwa kuongeza masomo ya ustawi wa jamii, akasema, "Sasa maafande watanipigia saluti mimi." Sioni aibu kulisema. Mungu akikuinua, usijikunje.

Katika masomo yale humalizi bila kwenda fildi. Unaishi na watu miezi kadhaa, unatembelea familia, kisha mwalimu wako anakuja kukagua. Asipoona kazi, unarudi nyumbani bila cheti. Mimi nilipangiwa hapa Bwera kwa sababu ya Kiswahili changu. Ilikuwa miaka ile ya sitini, Wakongo wa upande wa Beni walikuwa wamevuka mpaka wakikimbia vita, na kina mama wengi walipanga vyumba nyuma ya soko. Hao ndio niliotumwa kuwahudumia.

Sheria moja tulifundishwa kwa ukali: mfanyakazi wa ustawi hali chakula cha mtu anayemhudumia. Utakulaje cha mwenye shida? Ni sheria nzuri, na mimi mtoto wa polisi niliishika kama askari anavyoshika zamu. Nikiwekewa chai, nasema nimeshiba. Nikikaribishwa bundu, ule ugali wa muhogo, nasema nimeshiba. Nikitoka hapo naenda kula ndizi mbivu chumbani kwangu, peke yangu.

Milango ikaanza kufungwa. Nikibisha hodi naambiwa mwenyewe ameenda sokoni, na huku namsikia akikohoa ndani. Wengine walisema nina dharau. Wengine wakasema mimi ni mpelelezi, maana nani anauliza maswali yote hayo na hanywi hata maji? Nusu ya muda wangu ikapita, na sikuwa na familia hata moja ya kumwonyesha mwalimu. Nilimfikiria baba akiulizwa habari za bintiye msomi, akose la kusema. Ndugu zangu, nililia. Nikaomba nikisema, Bwana, ulinipandisha juu hivi ili watu waone vizuri ninavyoanguka?

Jibu lilikuja kwa mdomo wa Mkatoliki, na mimi Mlokole ilibidi nilipokee hivyo hivyo.

Mama Masika alikuwa mjane kutoka Beni, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Mchana mmoja aliniona nikipita, akaniita ndani. Akaweka mbele yangu sahani ya bundu na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kisha akasimama mlangoni. Nikasema nimeshiba.

"Umeshiba na nini?" akauliza. "Mi niko mulozi, nitakuloga?"

"Hapana, mama. Chuo kinakataza. Hiki ni chakula chako na watoto."

"Sikia, mutoto. Banatupatia blanketi, tunapokea. Banatupatia unga, tunapokea. Kila siku mikono iko hivi tu." Akanyoosha viganja mbele yangu. "Kule Beni nilikuwa na shamba, nilikuwa nalisha bageni. Sasa mi siko mutu wa kupatia mwenzangu kitu?"

Nikakumbuka kwamba Bwana wetu naye aliwatuma wanafunzi wake fildi, wawili wawili, bila mkoba, akawaambia wale watakachowekewa. Neno hilo nilikuwa nalijua tangu shule ya Jumapili. Nikanawa mikono, nikala, nikafuta sahani. Pilipili yake ilinitoa machozi, nami nikaomba nyingine.

Hapo ndipo Mama Masika alipoketi akaanza kuzungumza. Kumbe kina mama wale hawakuwa wakililia blanketi. Walikuwa wakulima wasio na pa kulima, na katika maswali yangu yote sikuwa nimewauliza hilo. Kesho yake tukapanda hadi Karambi kumwona mkuu wa gombolola, yaani wa tarafa, yeye mbele, mimi nyuma. Tulirudi huko tena na tena, kwa maana Mama Masika si mtu wa kuambiwa kesho. Tukapewa huko huko kipande cha ardhi kilicholala bila kulimwa. Wakapanda maharage na muhogo. Milango yote ikafunguka, nami nikaanza kunenepa.

Mwalimu akafika. Nikampeleka shambani, akafurahi sana. Kisha nikamwambia kwamba shamba lile lilianzia kwenye sahani, na kwamba sheria yake nimeivunja karibu kila siku. Akavua miwani.

"Unajua hilo linaweza kukunyima cheti?"

Nikasema najua. Niliogopa, lakini kichwa sikukiinamisha.

Tukafika kwa Mama Masika. Chakula kiko mezani, maharage ya Karambi, sombe ya Karambi. Mwalimu akasema, "Asante, mama, nimeshiba."

Kina mama wote wakaangua kicheko wakinitazama mimi. Mama Masika akachukua birika la kunawia, akasimama mbele yake. "Hata huyu mutoto yako alisema vile vile," akasema. "Mwalimu, hii chakula haiko ya kupewa. Iko ya shamba yetu. Nawa."

Mwalimu akatazama birika, akanitazama mimi, akakunja mikono ya shati.

Cheti nilipata, ndugu zangu. Baba alikitundika ukutani karibu na kofia yake ya kazi, nami nikarudi Bwera na sijaondoka. Ikiwa kuna mlango uliofungwa mbele yako leo, mtegemee Yesu, ila usimpangie atakufungulia kwa mkono wa nani. Namshukuru yeye, na namshukuru Mama Masika, yule pale mwenye kitenge cha kijani, aliyepika tangu alfajiri. Ninyi watatu wa nyuma, ibada ikiisha nawapeleka kwake. Asiwepo wa kumwambia ameshiba.